Kilichofukuliwa Mahameni: Kipande cha Shaba cha Mtumwa wa Kukodishwa

Wako watu katika dunia hii ambao siku ya mapumziko hawaendi kutazama mpira wala hawaketi barazani. Huchukua mashine yenye mpini mrefu na duara la waya mwishoni, wakavaa visikilizio masikioni, wakaenda zao mahameni: mahali palipokuwa na nyumba ya watu zamani, ambapo sasa hapana kitu ila matofali machache, kisima kilichofukiwa na miti ya matunda iliyorudia mwitu. Huko hutembea polepole, wakilipitisha duara lile juu ya majani kama mtu afyekaye. Mashine ikilia, hupiga magoti na kufukua. Kazi hii hufanywa sana Marekani na Uingereza, na wenyewe huihesabu kuwa starehe.

Wengi hutafuta dhahabu wakapata misumari. Lakini sisi leo hatukukusudia kuandika habari za dhahabu. Twataka kuandika juu ya kipande cha shaba, kidogo kuliko kiganja cha mtu, ambacho kwa uzani wake hakipati bei ya kikombe cha kahawa, nacho ni miongoni mwa vitu vya ajabu kabisa vilivyopata kutolewa katika ardhi ya mahame. Chatoka katika mji wa Charleston na viunga vyake, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Juu yake pamegongwa jina la mji, namba, kazi na mwaka. Jina la aliyekivaa halimo.

Huenda msomaji akauliza, Charleston inatuhusu nini? Yatosha kumkumbusha neno moja lililo katika kinywa cha kila bibi wa pwani, nalo ni merikani. Nguo ile ngumu isiyotiwa rangi, iliyovaliwa na hamali wa Unguja na kubebwa mtumba kwa mtumba hadi Tabora na Ujiji, ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na pamba yake ilitoka katika mashamba ya kusini, ikivunwa na watumwa Waafrika. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wake mdogo wa kwanza akafika Unguja. Vita ya Marekani ilipozuka mwaka 1861, pamba ikazuiliwa, na merikani ikaadimika Unguja hata nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikapata nafasi. Kwa hiyo mkono uliochuma kule na bega lililobeba huku vilifahamiana kitambo, ingawa havikupata kuonana.

Kwanza tuieleze mashine yenyewe. Wachimbaji wadogo wa Chunya na Geita wanaifahamu, maana huitumia kutafutia dhahabu. Ndani ya duara la waya hupitishwa umeme, nao huzunguka duara hilo kwa nguvu ya sumaku inayoshuka ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa sumaku yake dhaifu inayorudi juu. Mashine husikia jibu hilo na kuligeuza kuwa mlio. Shaba na fedha hujibu kwa sauti nyembamba, chuma hunguruma. Fundi aliyezoea huweza kujua kwa sikio tu kama chini yake pana msumari au sarafu, ingawa hata yeye hudanganywa mara nyingi. Uwezo wake si mkubwa kama watu wadhanivyo: sarafu moja iliyolala zaidi ya shibiri moja au moja na nusu ni vigumu kusikika.

Asili ya chombo hiki ni ya huzuni. Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na waganga wakashindwa kujua risasi imekaa wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule mtu wa simu, akaunda chombo cha kuisaka kwa umeme. Hakikufaulu, na yasemwa kuwa springi za chuma za kitanda alicholazwa mgonjwa zilikivuruga. Rais akafa Septemba mwaka huo. Katika Vita Kuu ya Pili, Józef Kosacki, askari wa Poland aliyekuwa Uskochi, akaunda mashine ya kubebwa na mtu mmoja ya kutafutia mabomu ya ardhini, nayo ikatumika El Alamein mwaka 1942. Vita ilipokwisha, mashine za namna hiyo zikaingia mikononi mwa raia, na raia wakazipeleka mahameni.

Hebu tuyatazame sasa mahame ya South Carolina. Mwaka 1860, katika watu 703,000 wa jimbo hilo, 402,000 walikuwa watumwa. Nyumba kubwa za mashamba ya mpunga na pamba zilikuwa na uwanda wa mbele wenye miti mikubwa, na nyuma yake jiko, ghala, karakana ya mhunzi, na mstari wa vibanda vya watumwa. Vita ya mwaka 1861 hadi 1865 ikaja, nyumba nyingi zikachomwa au kuachwa, na msitu ukarudi. Hapo ndipo wenye mashine hupenda kwenda. Hupata vifungo vya nguo, bizimu, lijamu za farasi, kastabini, risasi za gumegume, vijiko vilivyopinda. Hupata misumari kwa mamia, nayo si ya kudharauliwa: wa kufuliwa kwa mkono na mhunzi una uso wa nyundo, uliokatwa kwa mashine una ubapa wake, na ule wa waya, wa mviringo, haukuenea ila mwishoni mwa karne ya 19. Mtu akijua misumari aweza kusema nyumba ilijengwa lini kabla hajaona karatasi yoyote.

Penye vibanda vya watumwa hupatikana pia sarafu zilizotobolewa tundu. Ziliingizwa uzi zikavaliwa shingoni au mguuni, kuwa hirizi ya kinga. Mwenye akili ya biashara husema sarafu ya tundu imeharibika. Sisi twaona kuwa aliyeitoboa, ambaye labda hakuwa na sarafu nyingine maishani mwake, alijua aliitakia nini.

Hatuna budi pia kusema kile ambacho mashine haikisikii. Haisikii chungu, wala ushanga, wala mfupa wa samaki, wala kikapu, wala shimo dogo lililochimbwa sakafuni kufichia akiba. Na watu maskini wa zamani, huko kama huku, mali yao nyingi ilikuwa udongo, mti na nguo. Tajiri aliacha metali nyingi ardhini. Mtumwa aliacha kidogo. Basi anayeyasoma mahame kwa mashine peke yake humsikia zaidi tajiri. Kwa sababu hiyo kipande cha shaba cha Charleston kina thamani ya pekee: ni metali iliyomhusu mtumwa mwenyewe, iliyogongwa mhuri na serikali ya mji, ikisema kazi aliyoifanya na mwaka alioifanya.

Kipande hicho kilikuwa bapa la shaba, la mraba au la duara au la pembe zilizokatwa, na tundu moja juu la kupitishia uzi au kushonea nguoni. Mji wa Charleston ulipata mamlaka yake ya kujitawala mwaka 1783, na mwaka huohuo madiwani wakatunga sheria: mtumwa yeyote atakayekodishwa kazi nje ya nyumba ya bwana wake lazima avae kipande kilichonunuliwa kwa mji. Sheria ilikoma kutumika mwaka 1790, ikarejeshwa mwaka 1800, ikaendelea hadi utumwa ulipoanguka mwaka 1865. Miji mingine ya kusini, Savannah mathalan, nayo ilitunga sheria za namna hiyo, lakini vipande vinavyojulikana na kukusanywa leo ni vya Charleston.

Maneno yaliyoandikwa juu yake ni machache, tukiyatia katika Kiswahili: Mtumishi, Hamali, Fundi, Mvuvi, Mchuuzi wa Matunda. Vya watumishi ndivyo vingi. Vya mafundi, yaani seremala, mhunzi, mwashi, mtengeneza mapipa, vilikuwa vya bei kubwa zaidi, kwa kuwa ujira wa fundi ulikuwa mkubwa na mji ulitaka fungu lake. Kipande kilidumu mwaka mmoja tu. Januari ikiingia, cha zamani kilikuwa takataka, na kingine kikanunuliwa. Ndiyo maana leo hupatikana katika majalala, katika vyoo vya mashimo, katika bustani za nyuma ya majiko: kilitupwa na mtu aliyechoka nacho. Na ndiyo maana tarehe yake haina shaka. Sarafu ya mwaka 1820 yaweza kudondoka mwaka 1850. Kipande cha mwaka 1820 hakikuwa na kazi mwaka 1821.

Tuufahamu vyema mpango wenyewe, kwa maana ndio roho ya jambo hili. Bwana mwenye mtumwa fundi, ikiwa hana kazi ya kumpa, alimkodisha kwa mwingine. Au alimwambia: nenda mjini, ujitafutie kazi, ujitafutie chakula na mahali pa kulala, na kila juma au kila mwezi uniletee kiasi hiki cha fedha. Mtumwa aliamka alfajiri, akashindana bei, akajenga, akapakua meli, akavua samaki, akauza matunda. Jioni akahesabu fedha ya mtu mwingine. Katika mpango huo bwana alipata ujira bila kazi, mwajiri alipata kazi kwa ujira mdogo, na hazina ya mji ilipata ada ya kipande. Watatu walikula katika sahani moja, na aliyepika akapewa ukoko.

Robert Smalls anatufaa kwa mfano. Alizaliwa utumwani mwaka 1839 katika mji wa Beaufort, katika kibanda nyuma ya nyumba ya bwana wake. Akiwa na umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston kukodishwa. Alitumikia mezani katika hoteli, akawasha taa za barabarani, kisha akaingia gatini, akawa fundi wa matanga na nahodha wa usukani. Katika ujira wake wote aliachiwa dola moja kwa juma. Alipooa, mkewe naye akiwa mtumwa, alipatana na mwenye mke huyo kumnunua yeye na mtoto wao kwa dola 800. Tunamwomba msomaji apige hesabu mwenyewe: dola moja kwa juma, na dola 800. Smalls hakungoja hesabu hiyo imalizike. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala mjini, alichukua meli ya kivita Planter pamoja na mabaharia wenzake watumwa na jamaa zao, akavaa kofia ya nahodha, akapiga honi kwa ishara zilizotakiwa mbele ya kila ngome, akaikabidhi meli kwa jeshi la kaskazini. Baadaye akawa mbunge katika Bunge la Marekani.

Adhabu ya kukosa kipande ilikuwa nzito. Bwana alitozwa faini. Mtumwa alipelekwa katika nyumba ya kazi ngumu, jengo lililokuwa karibu na gereza la mji, akachapwa viboko. Mwaka 1825 humo mlitiwa kinu cha kusaga mahindi, kikizungushwa kwa miguu ya wafungwa. Na hofu ya wakubwa haikuwa bure. Mtu anayejitafutia kazi mjini hukutana na wenziwe, husikia habari, hujifunza kusoma ishara za nyakati. Denmark Vesey, seremala, alishinda bahati nasibu ya dola 1,500 mwaka 1799 akajinunua kwa dola 600. Mwaka 1822 alishitakiwa kuongoza njama ya uasi, akanyongwa tarehe 2 Julai. Wote pamoja walinyongwa watu 35, na miongoni mwao walikuwamo mafundi.

Kuna jambo ambalo mfanyakazi msomaji wetu halipasi kumpita. Mafundi wazungu wa Charleston hawakuupenda mpango huu. Mara nyingi waliandika maombi kwa wakubwa wakilalamika kwamba seremala mtumwa huwavunjia bei. Walisema kweli, bei ilivunjwa. Lakini maombi yao yalimlaumu mwenye nyundo, wala hayakumlaumu aliyekuwa amelala nyumbani akingoja ujira wa nyundo ile. Walitaka mtumwa aondolewe katika kazi, hawakutaka mtumwa aondolewe katika utumwa. Basi kwa miaka zaidi ya themanini mafundi wa rangi mbili walisimama katika jengo moja, bei ya mmoja ikimshusha mwenziwe, na mpango ukaendelea.

Hata aliyekuwa huru hakusalimika. Kati ya mwaka 1783 na 1789 Mwafrika huru naye alilazimishwa kuvaa kipande chake, kilichochorwa kofia ya uhuru juu ya mti na kuandikwa neno HURU kwa Kiingereza. Vilivyobaki vya aina hiyo ni vichache mno. Twakiri kwamba hatujapata kusikia kejeli iliyogongwa katika metali kuliko hiyo: mtu kulipa ada kila mwaka ili avae shingoni tangazo la kwamba yu huru. Na mwaka 1860, vita ikinukia, polisi wa Charleston walipita nyumba kwa nyumba kwa Waafrika huru wakidai hati za kuthibitisha uhuru wao. Wengi hawakuwa nazo, kwa kuwa sheria ya jimbo ilikuwa imefanya kuachiwa huru kuwa jambo gumu mno kuandikwa. Basi watu waliozaliwa huru, waliolipa kodi, wenye karakana zao, wakapanga mstari kununua vipande vya watumwa.

Februari 1865 mji ukaanguka, na katika vikosi vya kwanza kuingia walikuwamo askari Waafrika. Kipande kikakosa kazi. Shaba ikaingia ardhini.

Sasa tuangalie lugha yetu wenyewe, maana imehifadhi kitu ambacho mashine haiwezi kukifukua. Neno kibarua, ambalo leo twalitumia kwa mtu wa kazi ya kutwa, kwa asili ni barua ndogo. Kamusi za zamani zaeleza kwamba mtu wa kazi ya siku alipewa karatasi ndogo, akairudisha wakati wa kulipwa. Jina la karatasi likamganda mtu. Na vibarua wengi wa kwanza wa Unguja mjini, wapagazi wa bandarini na wachaguaji wa karafuu na sandarusi, walikuwa watumwa waliokodishwa, nao jioni walimpelekea bwana fungu lake. Charleston iliandika kazi juu ya shaba. Unguja iliandika juu ya karatasi. Karatasi zimeliwa na mchwa, neno limebaki.

Hali kadhalika neno kipande, ambalo tumelitumia tangu mwanzo wa makala hii bila kuomba ruhusa. Mzee yeyote aliyekata mkonge Tanga au Morogoro analijua: kadi ya siku 30 za kazi, ambayo bila kujazwa zote hapakuwa na mshahara. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa na kadi zao Usambara, ambazo zilimlazimisha mwanamume kufanya siku 30 katika shamba la mlowezi kwa kila miezi minne. Na Kenya, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alichukua kipande chenye alama za vidole vyake, na kipande hicho kilitiwa katika kikasha cha metali kilichofungwa kamba shingoni. Hasira juu ya kipande ni miongoni mwa mambo yaliyomwinua Harry Thuku. Alipokamatwa mwaka 1922, watu walipigwa risasi mitaani Nairobi. Hatusemi kwamba kipande cha Kenya na cha Charleston ni kimoja. Mwenye kipande Nairobi hakuuzwa mnadani. Lakini asiyeona kwamba mikono iliyovibuni vyote viwili ilikuwa na fikira moja juu ya mtu mweusi na kazi yake, huyo hataki kuona.

Turudi mahameni. Kipande cha shaba kisichonunua kahawa kwa uzani wake, leo huuzwa minadani Marekani kwa maelfu ya dola. Bei hiyo imezaa mambo mawili. La kwanza ni bandia: wako watu wanaogonga shaba mpya, wakaizika katika chumvi na mbolea hata ikaota kutu ya kijani, wakaiuza kwa wasiojua, na vipande vya uongo vimezagaa sokoni. La pili ni uchimbaji wa haraka. Katika ardhi ya serikali ya shirikisho ya Marekani, sheria ya mwaka 1979 yakataza kuchimba vitu vya kale bila kibali. Lakini katika ardhi ya mtu binafsi, mwenye ardhi akiruhusu, mara nyingi hakuna wa kuzuia. Mashine hulia, jembe hushuka, kipande hutoka, na kabla ya jua kuchwa kimo mfukoni.

Watu husema, kuna ubaya gani? Kingeoza bure. Jibu letu ni hili. Kipande kilichokwisha kutolewa kisha kikauzwa chatuambia mji, namba, kazi na mwaka, basi. Lakini kipande hichohicho kikikutwa mahali pake na watu wanaofukua kwa utaratibu, tabaka kwa tabaka, chatuambia kilitupwa uwani kwa nani, kando ya jiko au kando ya tanuru la mhunzi, pamoja na mifupa gani na vigae gani. Kama fundi aliyekodishwa alilala palepale alipofanya kazi au la. Mtu yule hakuachiwa jina. Mahali alipokitupa kipande ndipo peke yake paliposhika habari zake, na jembe la dakika tano hupafuta.

Mwaka 2021 walimu na wanafunzi wa Chuo cha Charleston walifukua sehemu ya kiwanja chao palipokusudiwa kujengwa. Walikuta kipande cha mwaka 1853, kilichoandikwa Mtumishi. Hawakukitoa kwa haraka. Mahali pakapimwa, udongo ukachekechwa, vitu vya jirani yake vikaandikwa. Katika chuo kile watu waliokodishwa walifanya kazi kabla watoto wa wajukuu wao hawajaruhusiwa kuingia darasani. Nacho sasa ni ushahidi wa hilo, uliotoka chini ya miguu ya chuo chenyewe. Miaka miwili baadaye, Juni 2023, jumba la makumbusho la historia ya Waafrika wa Marekani lilifunguliwa katika mji huohuo, juu ya gati ya Gadsden, ambako meli nyingi za watumwa zilishusha watu.

Wala mwenye mashine si lazima awe mharibifu, na haki yataka tuseme hivyo. Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, Uingereza, mkulima alipoteza nyundo shambani, akamwomba rafiki yake mwenye mashine amtafutie. Rafiki alikuta sarafu na vijiko vya fedha vya zama za Warumi. Baada ya kuona wingi wake waliacha kufukua, wakatoa taarifa, na wataalamu wakaja kuinua kilichobaki kikiwa vilevile kilivyofungwa sandukuni. Zilikuwamo sarafu zaidi ya 14,000. Serikali ililipa pauni milioni 1.75, na mpataji akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilionekana. Leo imo katika Makumbusho ya Uingereza pamoja na dhahabu, na sisi twadhani ndicho kitu chenye haki zaidi ya kuwamo.

Je, huku kwetu? Mahame tunayo: maboma ya Wajerumani, nyumba za walowezi, kambi za mkonge, vijiji vilivyohamwa. Na uvumi tunao. Tangu zamani husemwa kwamba Wajerumani walipokimbia mwaka 1916 walizika mali, na kwa uvumi huo watu wamechimbua misingi ya maboma, hata makaburi hayakusalimika. Matapeli nao hawakukosa, wakiuza rupia na ramani. Kweli iliyo nyuma ya uvumi ni nzuri kuliko uvumi wenyewe: mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na bahari kufungwa, sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, ziligongwa katika karakana ya reli pale Tabora kwa dhahabu ya Sekenke. Zilikuwa zaidi ya 16,000 kidogo. Ni kazi ya karakana ya reli, nayo yastahili kujulikana hivyo kabla ya kuitwa hazina.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yakataza Tanzania Bara kufukua vitu vya kale bila leseni, nayo yamtaka aliyevumbua atoe habari. Ila vitu vya kale vinavyolindwa moja kwa moja, kwa maneno ya sheria hiyo, ni vile vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863. Waziri aweza kutangaza vingine, lakini bila tangazo lake, rupia ya Tabora, kadi ya Usambara na kipande cha mkonge viko nje ya mstari. Sisi twaona mwaka huo ungefaa kuangaliwa upya, kwa sababu vitu vya wafanyakazi wetu wa zama za Wajerumani na Waingereza karibu vyote ni vya baada yake.

Hata kabla ya hapo, mtu anayelima au kuchimba msingi wa nyumba na jembe lake likagonga metali asiyoifahamu, haimgharimu kitu kuiacha ilipo, kutia alama mahali, kuangalia kina chake na vilivyo kando yake, vigae, mifupa, makaa, misumari, kisha kupeleka habari katika ofisi ya wilaya au katika makumbusho yaliyo karibu. Asiisugue kwa mchanga ili ing'ae. Maandishi juu ya shaba ya zamani mara nyingi yamebaki katika kutu yenyewe, na kutu ikitoka, namba hutoka nayo.